Kushona Nepi za Mtoto Nyumbani

Leo nazungumza na mama mwenye mtoto mchanga, na susu anayelea mjukuu wakati wazazi wako kazini Nairobi au Mombasa, na baba pia ikiwa yuko karibu na redio. Kama una leso iliyochakaa au fulana kuukuu, ilete uketi nayo. Tutaishona.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu tunalijua lakini hatulisemi. Nepi za kutupa zinauzwa dukani moja moja, na mama asiye na pesa za pakiti nzima hununua moja. Kwa sababu ni moja, anamvalisha mtoto jioni na kumwachia mpaka kesho yake mchana. Wako wanaoianika juani ikauke, kisha wanairudisha kwa mtoto. Sisemi haya ili kumwaibisha mtu. Piga hesabu mwenyewe: nepi 5 kwa siku ni nepi 150 kwa mwezi. Hiyo si hesabu ya mama anayengoja mvua ya Novemba ndipo apate pojo za kuuza.

Lakini ngozi ya mtoto haijui habari za pesa. Mkojo na kinyesi vikikaa pamoja kwenye ngozi kwa saa nyingi, ngozi inalainika, inachubuka na kuwaka moto. Huo ndio upele wa nepi. Nepi iliyoanikwa bila kufuliwa bado ina vijidudu vyote vilivyokuwamo, na zile chembe za ndani zinazonyonya maji zimekwisha nguvu. Mtoto analia usiku, mama anadhani ni tumbo, anampa maji ya dawa ya tumbo, kumbe ni makalio yanayochoma.

Ndiyo maana nasema heri nepi 12 za kitambaa ulizoshona mwenyewe kuliko nepi moja nzuri ya dukani. Na anayesema hajui kushona, nitamuuliza: umewahi kusuka kiondo? Mkono uliozoea kiondo hautashindwa na pindo.

Sasa nieleze kosa langu ili usilirudie. Mara ya kwanza niliposhona nepi nilitaka iwe kama ya dukani. Nilikata umbo lenye kiuno na mapaja, nikatia lastiki, nikaweka taulo tabaka nne ndani na kuzishonea humo humo. Ilipendeza sana. Ilikuwa mwezi wa saba, ule wa baridi na mawingu, na nepi ile ilikaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Siku ya nne ilikuwa na harufu ya ukungu. Tena kuisuuza kulitaka karibu mtungi mzima wa maji, na bado povu lilikuwa likitoka katikati. Hapa Kasikeu maji huja kwa mtungi wa lita 20, mgongoni mwa mama au juu ya punda, kwa hiyo nepi inayotaka mtungi peke yake haitufai.

Nepi inayotufaa ni ile ya bibi zetu: kitambaa cha mraba, tabaka moja, mapindo manne tu. Ukiikunja inakuwa nene, ukiikunjua ili uifue inakuwa nyembamba, sabuni inaingia na kutoka bila shida, na jua la asubuhi linaikausha. Ndiyo rahisi kuliko zote kwa anayeanza, kwa kuwa hakuna mkato wa mviringo wala lastiki.

Kwanza kitambaa. Tunataka pamba. Flaneli ya pamba ni nzuri, leso kuukuu ni nzuri, shuka la pamba lililolainika ni zuri, na taulo nyembamba ya mitumba pia. Kitambaa kilichotumika kina faida, maana kimefuliwa mara nyingi na kimelainika. Soko la Sultan Hamud lina marundo ya mitumba, lakini chagua kwa makini kwa sababu nguo nyingi zinazoonekana kama pamba zimechanganywa na nailoni. Kuna majaribio mawili. Dondosha tone la maji juu ya kitambaa. Likikaa juu kama shanga, kitambaa hicho hakinyonyi. Likizama mara moja, ni kizuri. Kitambaa kipya kinaweza kushindwa jaribio hili kwa sababu ya wanga wa kiwandani, kwa hiyo kifue mara mbili kisha ukijaribu tena. Jaribio la pili ni la moto: chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti mbali na watoto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na jamaa zake huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Fua kitambaa kwanza, kianike, ndipo ukate. Pamba mpya hurudi, yaani hupungua inapofuliwa. Ukishona kabla ya kufua, mraba wako utakuwa mshazari baada ya wiki moja.

Kata mraba wa sentimita 74 kila upande. Pindo litakula sentimita 2 kila upande, na nepi itabaki na sentimita 70. Ikiwa huna tepu, pima kwa kamba, lakini tumia kamba ile ile kwa nepi zote. Leso moja, yaani kipande kimoja cha doti, huwa karibu sentimita 150 kwa 110. Kata miraba miwili ya sentimita 75, nawe utabakiwa na ukanda wa upana wa sentimita 35 hivi. Usiutupe, nitaurudia. Ukinunua flaneli mpya yenye upana wa sentimita 150, mita 3 zitakupa nepi 8.

Kisha pindo. Kunja ukingo sentimita moja, kunja tena sentimita moja ili ule ukingo wenye nyuzi ufichwe ndani kabisa. Piga bandi kwanza, yaani mshono mrefu mrefu wa kushikilia tu, au bandika kwa pini. Halafu shona kwa mshono wa kurudi: sindano inakwenda mbele hatua mbili, inarudi nyuma hatua moja, kila mara. Mishono iwe midogo, kama punje ya wimbi na nafasi yake. Mshono wa kwenda mbele tu hukatika wote uzi ukikatika mahali pamoja, lakini huu wa kurudi hujishika. Kwenye pembe rudia mara tatu, kwa sababu hapo ndipo tunapovuta tunapokamua. Ukimaliza, ng'oa ile bandi. Nepi ya kwanza kwa mkono itakuchukua jioni nzima. Ya tano itakuchukua muda wa kupika githeri. Kama kikundi chenu cha mwethya kina mwenye cherehani, mapindo manne ni kazi ya dakika chache. Kateni nyumbani, mpige bandi, kisha mshone zote kwa zamu siku moja.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu fundi anayeanza huwa na nyuzi zinazoning'inia. Kata kila uzi uliolegea, ndani na nje. Uzi mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto mchanga, au kwenye uume wa mtoto wa kiume, ukakaza na kuzuia damu. Kidole kinavimba na kuwa chekundu au cha zambarau, na mtoto analia bila kunyamaza. Kwa hiyo mtoto akilia hivyo bila sababu, mvue nguo zote, angalia vidole kimoja kimoja, angalia na sehemu za siri. Ukiuona uzi na huwezi kuutoa mara moja, kimbia naye kituo cha afya. Usingoje kesho. Kagua nepi kila baada ya kufua, maana uzi huchomoka wakati wa kukamua.

Na sindano pia. Zihesabu kabla ya kuanza, zihesabu ukimaliza. Sindano iliyopotea kwenye rundo la nepi itapatikana na mtoto.

Sasa ule ukanda uliobaki. Ukate vipande vya sentimita 35 kwa 37, pinda kingo zake, kila kimoja ukikunje mara tatu kiwe kama pedi ndefu, ukiweke katikati ya nepi wakati wa kulala. Ukiwa na taulo ni bora zaidi. Usikishonee ndani ya nepi. Kikae huru, ili kifuliwe peke yake na kukauka peke yake. Mtoto wa kiume hulowanisha mbele, kwa hiyo pedi ije mbele. Wa kike hulowanisha katikati na nyuma.

Kuikunja nepi kuna njia nyingi, lakini mimi nafundisha moja, ile ya umbo la tiara wanayorusha watoto. Tandika mraba kitandani, pembe moja ikikuelekea wewe. Chukua kingo mbili zilizo upande wako, kulia na kushoto, uzikunjie ndani zikutane katikati. Umepata tiara: pana kwa juu, nyembamba kwako. Pembe ya juu ikunje ishuke, upate ukingo ulionyooka. Ncha ya kwako ikunje ipande, kidogo kwa mtoto mkubwa, sana kwa mtoto mchanga. Mlaze mtoto kiuno kikiwa kwenye ule ukingo ulionyooka, pitisha sehemu nyembamba katikati ya miguu, lete mabawa mawili mbele, funga. Nepi hiyo hiyo itamfaa tangu azaliwe mpaka aanze kutembea.

Ukifunga kwa pini, tumia pini kubwa ya nepi yenye kifuniko, na weka vidole vyako kati ya pini na tumbo la mtoto, ili ikichoma ikuchome wewe. Wengine hufunga kwa utepe wa kitambaa kiunoni, na ni sawa, mradi vidole viwili viweze kupita kati ya utepe na tumbo. Kwa mtoto ambaye kitovu hakijaanguka, nepi ikae chini ya kitovu, kisiguswe na mkojo. Na miguu iachwe ikunje na kutanuka kama ya chura. Kuifunga miguu ikiwa imenyooka pamoja kunaweza kudhuru viungo vya nyonga. Kumbeba mgongoni kwa leso, miguu ikiwa imepanuka, ni kuzuri kwa nyonga hizo.

Kuhusu plastiki nitasema kwa kifupi. Zamani akina mama walikuwa wakifunga mfuko wa nailoni juu ya nepi ili mkojo usipite. Mifuko ile ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini hata kama unao wa zamani, usiutumie. Unapika ngozi kwa joto, na mtoto akiuvuta usoni unaweza kumziba pumzi. Chupi ya plastiki ya dukani ivaliwe kwa safari tu, kama unapanda matatu kwenda Wote au Emali, si usiku, na kamwe si wakati ana upele. Nyumbani weka leso iliyokunjwa chini yake, ulowane kidogo. Mtoto hulowanisha, hiyo ndiyo kazi yake.

Badilisha kila inapolowa, au kila saa mbili hadi tatu mchana, na mara moja tu anapokunya. Msafishe kwa maji safi na kitambaa laini, mtoto wa kike kutoka mbele kwenda nyuma. Mkaushe kwa kugusa, usisugue. Poda haihitajiki, vumbi lake huingia kwenye mapafu.

Sasa kufua, na hapa ndipo nepi za kitambaa hushinda au hushindwa. Wako wanaosema kinyesi cha mtoto anayenyonya si uchafu. Si kweli. Kina vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima. Kikung'ute chooni, si nyuma ya nyumba wala mtoni ambako wenzako wanachimba visima mchangani. Suuza nepi kwa maji kidogo, na maji hayo pia yaende chooni. Kisha iloweke kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Nasema kifuniko kwa sababu mbili: nzi, na mtoto mwenzake anayetambaa. Mtoto anaweza kuzama katika ndoo yenye maji machache tu.

Fua kwa sabuni ya kipande na maji ya moto, sugua, kamua, kisha suuza mara mbili. Maji ya suuzo la pili ni karibu safi. Yaweke yatumike kesho kwa suuzo la kwanza, hivyo mtungi unafika mbali. Maji yetu mengi ya kisima kirefu yana chumvi, sabuni haitoi povu, na kitambaa kinakuwa kigumu kama ngozi ya mbuzi. Mama, maji ya mvua uliyokinga kwenye paa, kama yapo, yatunze kwa suuzo la mwisho. Sabuni iliyobaki kwenye nepi huchoma ngozi kama mkojo wenyewe. Dawa za kulainisha nguo usitumie. Zinazuia kitambaa kunyonya. Mtoto akiwa ameharisha au ana upele, chemsha nepi kwa dakika kumi.

Anika juani, kwenye kamba. Si juu ya ua la miiba, wala kwenye nyasi. Katika sehemu nyingi za Afrika yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa kivulini, na mayai yakianguliwa buu huingia kwenye ngozi na kufanya jipu. Siku za mawingu, nepi zikikauka ndani ya nyumba, zipige pasi ya makaa pande zote mbili mpaka kwenye mapindo. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi kabla hujamshika mtoto au kuonja chakula.

Kuna faida moja ya nepi ya kitambaa ambayo wengi hawaifikirii: inakupa habari. Kwa nepi ya dukani ni vigumu kujua mtoto amekojoa mara ngapi. Kwa ya kitambaa unajua. Kuanzia siku ya tano au ya sita, mtoto anayenyonya vya kutosha hulowanisha nepi 6 au zaidi kwa siku. Zikipungua, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na zikiendelea kuwa chache, au mtoto amelegea na hanyonyi, mpeleke hospitali siku hiyo. Kinyesi cha siku mbili tatu za kwanza huwa cheusi cha kunata, halafu hugeuka cha manjano. Kikiwa cheupe kama chokaa au udongo mweupe, hasa macho yakiwa ya njano, hilo ni jambo la haraka la ini. Beba ile nepi yenyewe ukamwonyeshe daktari. Usione haya.

Na upele ukitokea? Mwache bila nepi kwenye leso kwa muda, mara kadhaa kwa siku. Mpake mafuta mazito ya kupaka au krimu yenye zinki, kiasi cha kufunika ngozi. Usipake dawa ya meno, wala krimu za kuchanganywa za duka la dawa bila kuandikiwa. Ukiona wekundu mkali kwenye mikunjo ya mapaja na vidoa vidogo pembeni, huenda ni ukungu, na huo una dawa yake kliniki. Nenda pia kama kuna usaha, malengelenge au homa, au kama siku tatu zimepita bila nafuu.

Swali ambalo huulizwa sana ni hili: nianze na ngapi? Mtoto mchanga hutumia 10 hivi kwa siku. Ukifua kila siku, 20 zinatosha vizuri. 12 zinatosha kwa kubanana, ukiwa na jua. Usingoje mpaka ujifungue. Ukishona mbili kila wiki kuanzia mwezi wa sita wa mimba, siku ya uchungu ikifika utakuwa nazo zote zimefuliwa, zimepigwa pasi na kufungwa kwenye leso moja safi ya kwenda hospitali. Susu naye anaweza kuanza na mbili usiku wa leo.

Kipindi kijacho tutazungumza kuhusu kumwanzishia mtoto chakula akifika miezi 6. Kwaheri kwa sasa.